Kubaguliwa hakumzuii mtu kubagua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mjadala wa ubaguzi unapofika mahali pagumu: pale anayelia kwamba anaonewa anapokutwa naye akimwonea mwingine. Kila jibu linajitegemea, kwa hiyo unaweza kuanzia popote. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye swali husika.

## Mambo ya msingi

Je, mtu anayebaguliwa anaweza naye kubagua?

Ndiyo, tena hutokea mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Mfanyakazi aliyenyimwa cheo kwa sababu ya rangi yake anaweza jioni hiyohiyo kukataa kumpangisha mkimbizi chumba. Muumini ambaye nyumba yake ya ibada imewahi kupigwa mawe anaweza kuwafundisha wanawe kwamba kabila fulani ni watu wachafu. Mwanamke aliyepigania kura anaweza kuona haifai mwanamke wa rangi nyingine kupiga kura. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: wahenga hawakusema methali hiyo inawahusu wenye nguvu peke yao.

Kuonewa ni jambo ulilotendewa. Halikubadilishi tabia, wala halikuondolei yale uliyoyasikia tangu utotoni kuhusu watu wengine.

Mbona wapo wanaosema asiye na mamlaka hawezi kuwa mbaguzi?

Wanayo hoja, na isipuuzwe. Chuki iliyo moyoni mwa mtu ni tofauti na mfumo mzima wa sheria, ajira, polisi na shule unaomkandamiza mtu kizazi baada ya kizazi. Mtumwa aliyemchukia bwana wake hakuwa sawa na bwana aliyemchukia mtumwa. Anayevilinganisha vitu hivyo viwili ama hajaelewa, ama hataki kuelewa.

Ila mamlaka hayakai ikulu tu. Mwenye nyumba ana mamlaka juu ya mpangaji, msimamizi wa zamu juu ya kibarua, mtaa mzima juu ya familia moja ya wageni. Mtu anaweza kuwa mnyonge mbele ya serikali asubuhi na kuwa serikali ndogo nyumbani kwake jioni. Katika nafasi hiyo ndogo anaweza kumuumiza mtu kabisa, na anayeumia hapunguziwi maumivu kwa kuambiwa kwamba aliyempiga naye hupigwa kwingine.

Aliyeonja uchungu si ndiye angekuwa wa kwanza kumhurumia mwenzake?

Wapo wanaokuwa hivyo, na bila wao harakati nyingi za haki zisingekuwapo. Lakini uchungu haufundishi somo moja. Mtu anaweza kutoka kwenye mateso akisema, “Hili lisimpate mtu yeyote tena.” Mwingine hutoka kwenye mateso yaleyale akisema, “Hili lisinipate mimi tena.” Kwa kuyasikia, maneno haya ni ndugu. Kwa vitendo, yanaelekea njia mbili tofauti. Wa pili anataka kutoka chini, na njia ya haraka ya kutoka chini ni kuhakikisha yupo mwingine wa kukaa hapo.

Karibu kila mfano utakaousoma hapa chini unatokana na sentensi hiyo ya pili.

## Chuki hii hutoka wapi

Kwa nini hasira isiende juu, kwa aliyeianzisha?

Kwa sababu juu ni mbali na kuna gharama. Ukimjibu mwajiri unafukuzwa kazi, ukimjibu askari unalala ndani. Lakini mgeni anayegombea nawe kibarua yuko hapo mlangoni, hana mtetezi, na ukimsukuma hakuna atakayekuuliza. Wenye nguvu humwona mnyonge kwa nadra, ila wanyonge huonana kila siku: kwenye foleni, kwenye vyumba vya kupanga, kwenye mageti ya viwanda. Wanagombania vitu vilevile vichache, na mara nyingi hakuna aliyewaeleza kwa nini ni vichache.

Ni umaskini tu basi? Kila mtu akishiba, chuki itaisha?

Hapana. Uhaba huchochea, lakini kuna kitu kingine: watu hutaka heshima, na heshima mara nyingi hupimwa kwa kujilinganisha na jirani.

Karibu na mwaka 1970, mwanasaikolojia Henri Tajfel aliwagawa wavulana wa shule huko Bristol, Uingereza, katika makundi mawili kwa vigezo visivyo na maana yoyote, kama vile mchoraji yupi wanapendelea. Hawakujua ni nani mwingine aliyekuwa kundini mwao. Kisha wakapewa nafasi ya kugawa pesa kidogo. Wengi walipendelea kundi lao, na hata walikubali kundi lao lipate pungufu, mradi tu lile lingine lizidiwe. Tajfel mwenyewe alikuwa Myahudi mzaliwa wa Poland, aliyepoteza sehemu kubwa ya familia yake katika mauaji ya Wanazi. Hakuwa akicheza na swali hilo.

Ikiwa watoto wasio na historia yoyote ya uhasama hufanya hivyo, fikiria watu walioambiwa miaka yote kwamba wao ni takataka.

Watu husema ubaguzi ni “ngazi”. Maana yake nini?

Aliyelieleza jambo hili vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni B. R. Ambedkar wa India, aliyezaliwa Mdalit, yaani katika tabaka lililoitwa najisi, na baadaye akaongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya nchi yake. Alisema tatizo la matabaka ya India si kwamba kuna wa juu na wa chini. Tatizo ni kwamba kuna madaraja mengi, na kila daraja lina mtu wa kumdharau chini yake. Kwa hiyo hata aliye karibu na chini kabisa ana kitu cha kupoteza ngazi ikivunjwa. Hawezi kuungana na wa chini yake bila kuachia ile heshima ndogo aliyonayo.

Ndiyo maana hata miongoni mwa Wadalit wenyewe kuna jamii ndogondogo ambazo hazioani. Ngazi haihitaji mlinzi kwenye kila kipago, maana anayesimama kwenye kipago hujilinda mwenyewe.

Je, watawala huipanga chuki hii kwa makusudi?

Mara nyingi, ndiyo. Gawanya utawale haikuwa msemo tu. Katika Rwanda, Wabelgiji waliandika kabila la kila mtu kwenye kitambulisho katika miaka ya 1930 na kuliinua kundi moja, Watutsi, juu ya jingine, Wahutu. Wakati huo Watwa, walio wachache kuliko wote, walidharauliwa na pande zote mbili. Katika mashamba ya California, waajiri walikuwa na desturi ya kuleta wafanyakazi wa taifa moja kuvunja mgomo wa wafanyakazi wa taifa jingine.

Lakini tusimalizie hapo. Tukisema kila chuki ilipandwa na mkoloni au tajiri, tunawafanya wanyonge kuwa watoto wasio na akili yao. Mbegu inaweza kuletwa na mwingine. Anayeimwagilia maji baada ya mletaji kuondoka ni sisi.

Mtoto anayebaguliwa hujifunza lini kubagua?

Mapema sana, na wa kwanza kumdharau huwa ni nafsi yake. Katika miaka ya 1940 wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark, mke na mume, wote Wamarekani weusi, waliwaonyesha watoto weusi wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Wengi walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri na kumwita mweusi mbaya. Utafiti huo ulitajwa kwenye uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa mwaka 1954 uliopiga marufuku utengano wa rangi mashuleni. Mtoto aliyemeza kipimo hicho cha nani mzuri na nani mbaya haachi kukitumia anapokutana na mtu wa jamii ya tatu. Anacho mkononi tayari.

## Historia inatuonyesha nini

Waayalandi wa Marekani hutajwa sana katika mjadala huu. Kisa chao ni kipi?

Hutajwa kwa sababu kila hatua iko wazi.

Waayalandi Wakatoliki waliishi chini ya utawala wa Uingereza kwa sheria zilizowanyima ardhi, elimu na ofisi. Njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 iliua watu wapatao milioni 1, na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli. Marekani iliwapokea kwa dharau: walichorwa kwenye magazeti kama nyani, dini yao ikaogopwa, wakapewa kazi ngumu kuliko zote.

Kabla ya hapo, mwaka 1842, ujumbe kutoka Ayalandi uliokuwa na sahihi zipatazo 60,000, ya Daniel O'Connell ikiwa miongoni mwao, ulisomwa Boston. Uliwasihi Waayalandi wa Marekani wasimame na watu weusi dhidi ya utumwa. Wengi walioupokea waliukataa. Wakauita uingiliaji kutoka nje. Hapo mlango ulikuwa wazi nao wakaufunga. Kwangu ndiyo sehemu inayouma kuliko zote, kwa sababu inaonyesha haikuwa lazima yatokee yaliyofuata.

Julai 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, serikali ilianza kuandikisha askari kwa bahati nasibu. Mwenye dola 300 aliweza kujinunua. Kibarua wa bandarini hakuwa nazo, na magazeti na wanasiasa walikuwa wamemwambia kwamba anapelekwa kufa ili watumwa waachiwe huru waje kuchukua kazi yake. Hasira ile ilikuwa na haki yake. Siku ya kwanza, tarehe 13, umati wa New York, wengi wao Waayalandi, ulishambulia ofisi ya uandikishaji. Alasiri hiyohiyo ulikuwa mbele ya kituo cha watoto yatima weusi, jengo kubwa kwenye barabara ya Fifth Avenue. Ndani walikuwamo watoto 233. Wasimamizi waliwapanga na kuwatoa kwa mlango mwingine, wakawapeleka kwa miguu hadi kituo cha polisi, huku nyuma yao vitanda na nguo vikibebwa barabarani na jengo likitiwa moto. Watoto walipona. Kwa siku nne jijini waliuawa zaidi ya watu 100, wakiwamo wanaume weusi walionyongwa hadharani.

Soma tena mpangilio huo: kutoka kwa mwenye dola 300 hadi kwa yatima, kwa saa chache.

Upande wa magharibi, mwaka 1877, mhamiaji kutoka Cork, Ayalandi, aitwaye Denis Kearney aliongoza chama cha wafanyakazi San Francisco. Hotuba zake ziliwashambulia matajiri wa reli, na alizimalizia kwa kudai Wachina waondoke. Matajiri wa reli walibaki. Wachina ndio waliopigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1882, iliyofutwa mwaka 1943 tu.

Mifano mingine ipo, au ni hao tu?

Ipo, kwa bahati mbaya, katika kila bara.

Liberia iliasisiwa na watu weusi waliotoka Marekani, baadhi yao wakiwa wamezaliwa utumwani. Walitangaza uhuru mwaka 1847, lakini wenyeji wa nchi hawakuhesabiwa raia. Mwaka 1930 tume ya Umoja wa Mataifa wa wakati huo ulioitwa Shirikisho la Mataifa ilikuta wenyeji wakipelekwa kwa nguvu kufanya kazi kisiwani Fernando Po katika hali iliyokaribia utumwa, na Rais Charles King akajiuzulu. Wajukuu wa watumwa walikuwa wakisafirisha watu kwa meli.

Wacherokee, wenyeji wa asili wa Marekani, walifukuzwa kwenye ardhi yao na serikali ya Marekani mwaka 1838, na maelfu wakafa njiani. Katika safari hiyohiyo baadhi ya Wacherokee walikuwa na watumwa weusi wakitembea nao. Mkataba wa 1866 uliwapa walioachwa huru na wazao wao uraia wa taifa la Cherokee. Mwaka 2007 kura ya taifa hilo iliwavua. Ilichukua hadi 2021 kwa mahakama yao kuu kuyafuta kwenye katiba maneno yaliyofunga uraia na damu.

Katika jimbo la Rakhine, Myanmar, Waarakani wana manung'uniko ya haki dhidi ya serikali kuu: ufalme wao ulitekwa na Waburma mwishoni mwa karne ya 18, na jimbo lao ni miongoni mwa maskini zaidi nchini. Hayo hayakuzuia wengi wao kushiriki katika ghasia za 2012 dhidi ya Warohingya, watu ambao tayari walikuwa hawana uraia kwa mujibu wa sheria ya 1982. Mwaka 2017 jeshi, ambalo halikuwa rafiki wa Waarakani, liliwasukuma Warohingya zaidi ya 700,000 hadi Bangladesh.

Je, hutokea pia ndani ya kundi moja?

Hutokea, na pengine hapo huumiza zaidi kwa sababu aliyeumizwa alidhani amefika kwake.

Chama cha kitaifa cha viziwi cha Marekani, ambacho kilizaliwa kupinga dharau dhidi ya viziwi, kiliwazuia viziwi weusi kuwa wanachama kuanzia 1925 hadi 1965. Katika maandamano ya wanawake kudai kura, Washington, Machi 1913, Ida B. Wells aliambiwa atembee nyuma na weusi wenzake ili wajumbe wa kusini wasichukie. Alikataa. Akasubiri kando ya barabara, na ujumbe wa Illinois ulipopita akaingia katikati yao. Mwaka 1973, kwenye mkutano wa wapenzi wa jinsia moja New York, Sylvia Rivera alizomewa aliposimama kuwasemea waliobadili jinsia waliokuwa jela, na waliomzomea ni watu aliokuwa amewapigania.

Kuna mifano ya kinyume?

Mingi, na inafaa kufahamika kwa majina.

Mwaka 1869 Frederick Douglass, aliyekuwa mtumwa, alisimama Boston na kutetea haki ya Wachina kuhamia Marekani na kuwa raia. Watu weusi walikuwa ndio kwanza wametoka utumwani, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kujali ya kwake tu.

Tarehe 8 Septemba 1965, wavunaji zabibu Wafilipino wa Delano, California, wakiongozwa na Larry Itliong, waligoma. Walijua kitakachofuata: wangeletwa Wameksiko kuchukua nafasi zao, kama ilivyokuwa siku zote. Itliong akamwendea Cesar Chavez, na baada ya siku nane wafanyakazi wa Kimeksiko wakapiga kura ya kugoma pia. Mgomo ulidumu miaka mitano, wakapata mikataba. (Tusifiche: mwaka 1974 chama cha wafanyakazi kilichotokana na mgomo huo kiliendesha kampeni ya kuwaripoti kwa maafisa wa uhamiaji wafanyakazi wasio na vibali waliotumiwa kuvunja migomo yao. Umoja wa jana haukulindi leo.)

Na wakati wa mgomo wa wachimba makaa Uingereza, 1984 hadi 1985, wapenzi wa jinsia moja wa London walichangisha fedha kwa ajili ya familia za wachimbaji katika bonde la Dulais, Wales. Hawakuwa na sababu ya kutarajia ukarimu kutoka huko. Juni 1985 wachimbaji walikuja London kuandamana nao wakiwa na mabango ya chama chao, na mwaka huohuo kura za chama cha wachimbaji zilisaidia kupitisha azimio la haki za wapenzi wa jinsia moja katika mkutano wa chama cha Labour.

## Maswali magumu

Kusema haya si kuwapa wakandamizaji silaha?

Hofu hii ni ya kweli. Kuna watu wanaosubiri tu kusikia kwamba wanyonge nao wana ubaguzi, ili wapate kusema, “Basi wote tuko sawa, tuache kelele.” Ukiwasikia, waulize: hoja hii unaileta ili nani apone? Kama jibu ni Warohingya, au yatima wa New York, au kiziwi aliyefungiwa mlango, tuendelee. Kama jibu ni “ili nisisumbuliwe”, mazungumzo yameisha.

Lakini kunyamaza kuna mlipaji wake. Siri ya kundi hulipiwa na aliye dhaifu kuliko wote ndani au pembeni ya kundi hilo. Sioni kwa haki gani tunamwomba yeye alipe kila mara.

Ni kundi gani limeteseka zaidi?

Swali hili huwa mtego. Mateso yanaweza kulinganishwa kihistoria, kwa idadi, muda na ukatili, na wanahistoria hufanya hivyo kwa uangalifu. Ila likiulizwa katikati ya ugomvi, nia yake huwa kuamua nani aruhusiwe kulalamika. Aliyevunjika mguu hapungukiwi dawa kwa sababu mwenzake naye ametibiwa mkono.

Vipi kama kundi linalochukiwa ni dogo lakini lina mali?

Hapa pana utata wa kweli. Baadhi ya jamii ndogo huwekwa katikati: hazitawali, lakini ndizo zinazoonekana dukani. Katika Uganda ya kikoloni Mzungu alishika serikali, Mhindi alishika biashara, Mwafrika akabaki shambani na kwenye ajira duni. Mwafrika aliyepunjwa kwenye mizani hakumwona gavana, alimwona mwenye duka. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na wengi wakashangilia. Manung'uniko juu ya bei, mishahara na dharau yalikuwa na ukweli ndani yake. Dawa iliyotolewa ilimhukumu hata karani, mwalimu na mtoto aliyezaliwa hapo, na mali nyingi ziliishia mikononi mwa wanajeshi na wapambe wa utawala, si kwa yule aliyepunjwa.

Mwaka 1992 huko Los Angeles, polisi waliompiga dereva mweusi walipoachiwa na mahakama, maduka ya Wakorea zaidi ya 2,000 yaliharibiwa au kuchomwa. Kipimo ninachokitumia ni hiki: je, unadai tendo fulani likome, au watu fulani waondoke? La kwanza ni dai la haki. La pili tumeshaona linakoishia.

Na kama watu wa kundi hilo waliniumiza kweli mimi au ndugu yangu?

Basi umeumizwa, na hupaswi kuombwa uigize kwamba haikutokea. Woga baada ya kisa si dhambi. Kosa huanza pale aliyekuumiza anapopata sura elfu, na kila mwenye sura hiyo akatakiwa kulipa. Wewe mwenyewe ungejua ubaya wake: huenda kila siku unalipia jambo alilofanya mtu mwingine wa jamii yako ambaye hujawahi hata kumwona.

Dini yangu inakataza wanachokifanya. Je, huo ni ubaguzi?

Kuamini kwamba jambo ni kosa ni haki yako, na hakuna anayeweza kuingia moyoni mwako kukubadilisha. Ubaguzi ni pale imani hiyo inapogeuka kumnyima mtu matibabu, kazi, nyumba au usalama. Waumini wa dini za wachache wanaujua mpaka huu kuliko wengine, kwa sababu wanauhitaji wao wenyewe kila wanapoishi kati ya watu wanaoiona imani yao kuwa upotovu.

Kuna watu walio katika makundi mawili yanayobaguliwa. Wao wako wapi katika yote haya?

Mara nyingi hawapo popote, na hilo ndilo tatizo. Katika kesi ya mwaka 1976 nchini Marekani, wanawake weusi waliishtaki kampuni ya magari. Kampuni ilionyesha kwamba huajiri wanawake, lakini walikuwa weupe wa ofisini. Ilionyesha pia kwamba huajiri weusi, lakini walikuwa wanaume wa kiwandani. Mahakama ilikataa kuyaunganisha malalamiko mawili kuwa moja. Mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliitumia kesi hiyo mwaka 1989 alipoeleza wazo la makutano ya ubaguzi: mtu aliyesimama njia panda hugongwa kutoka pande mbili, na kila dereva husema si yeye.

Ukitaka kujua harakati fulani ina ubaguzi wa aina gani, usiwaulize viongozi. Waulize watu hawa.

## Nifanye nini

Mzazi wangu, ambaye mwenyewe aliteswa, husema maneno ya chuki. Nimkabilije?

Anza na kile anachokijua, siyo na kile asichokijua. Shangazi yangu alifanya kazi za ndani ujanani kwa familia iliyomwekea kikombe chake cha bati, kilichoning'inizwa kwenye msumari nje ya mlango wa jiko, kisichanganyike na vya wenye nyumba. Alitusimulia mara nyingi, na kila mara sauti ilikuwa ikimbadilika. Miaka mingi baadaye, jikoni kwake, binti aliyemsaidia kazi alikuwa na kikombe chake pekee, cha plastiki, chini ya sinki. Binti alikuwa wa jamii ambayo kwetu huitwa kwa jina lisiloandikika.

Nilikitazama kikombe kile muda mrefu kabla ya kuthubutu. Siku moja nikiwa nakausha vyombo nikamuuliza, “Shangazi, kile cha bati kilikuwa na mpini?” Akasema kilikuwa nao, umepinda. Kisha akanyamaza. Sikuongeza neno. Baada ya wiki kadhaa nilikuta vikombe vyote kwenye rafu moja, na hatujalizungumza tena.

Si kila mzee atafika huko, na si kila jambo linaweza kungoja wiki kadhaa. Mtu akiwa hatarini sasa hivi, kemea sasa hivi, kwa adabu lakini wazi.

Nimegundua mimi mwenyewe nina mawazo haya. Sasa?

Usikimbilie kujichapa, maana aliyejaa aibu hushughulika na aibu yake tu. Tafuta tendo: ulimnyima nani nini? Mpangishe, mpe kazi, msalimie kwa jina lake, mtetee pale asipokuwepo. Utafiti tangu miaka ya 1950 umeonyesha kwamba kukutana tu hakutoshi kila mara. Chuki hupungua zaidi watu wanapokutana kwa hadhi sawa, wakiwa na kazi moja ya kufanya pamoja. Kumjua mkimbizi kama mfagiaji wako hakuhesabiki.

Mimi si wa kundi lolote linaloonewa. Ninaruhusiwa kukemea?

Unaruhusiwa, ila anza na nyumba yako, na ukisema, sema ukiwa upande wa anayeumizwa. Tazama pia swali la kuwapa wakandamizaji silaha.

Wenzangu katika harakati wananidharau. Nivumilie kwa ajili ya umoja?

Hakuna anayeweza kukuamulia, wala usikubali mtu akuambie kwamba maumivu yako yatashughulikiwa “tukishashinda”. Wengi waliambiwa hivyo. Wengine hubaki na kupigana ndani, wengine huondoka na kuanzisha chao. Njia zote mbili zimewahi kuzaa matunda.

Bayard Rustin alikuwa mmoja wa wapangaji hodari kuliko wote wa harakati za Wamarekani weusi, na alipenda wanaume. Mwaka 1960 viongozi wenzake walimsukuma pembeni kwa sababu hiyo. Miaka mitatu baadaye ilihitajika kupangwa safari ya maandamano ya watu robo milioni kwenda Washington, na mzee A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wafanyakazi, akasisitiza Rustin ndiye afanye kazi. Seneta mmoja alimshambulia kwa jina bungeni ili kuivunja safari. Mara hii wenzake hawakurudi nyuma. Tarehe 28 Agosti 1963 Rustin alisimama jukwaani akausomea umati orodha ya madai, dai baada ya dai.

Kwenye kamati iliyosimamia safari ile kulikuwa na mwanamke mmoja, Anna Arnold Hedgeman. Kabla ya siku yenyewe aliandika kupinga kwamba hakuna mwanamke aliyepangwa kutoa hotuba kuu. Hotuba kuu zote zilitolewa na wanaume.